Kilo 103 kwa wiki tano: kabla ya kupunguza tena chakula

Dada yangu, nimelisoma swali lako kwa makini. Umesema ulifanyiwa upasuaji wa slivu, yaani kukatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula ili upungue uzito, miezi minne iliyopita, ukashuka kutoka kilo 124 hadi 103, kisha mizani ikasimama hapo kwa wiki tano, huku mwenzako mliyefanyiwa upasuaji kipindi kimoja akiwa amekwisha kupoteza kilo 28. Umeuliza kama uanze kula mara moja tu kwa siku, na kama inawezekana daktari hakukata vya kutosha. Mimi nilifanyiwa baipasi, yaani upasuaji unaopitisha chakula kando ya sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo, huko Johannesburg miaka kadhaa iliyopita, nikiwa tayari na kisukari cha aina ya pili, naishi hapa hapa Lubumbashi, na nilishuka polepole kuliko karibu kila mtu niliyemfahamu katika safari hii. Mimi si daktari. Nakujibu kwa niliyoyapitia na kwa yale niliyofundishwa na wataalamu walionifuatilia.

Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayokutesa bila haki. Kilo 21 katika 124 ni takriban asilimia 17 ya uzito wako wa mwanzo. Mwenzako, kwa maelezo yako mwenyewe, alianza na kilo 165, na kilo zake 28 nazo ni asilimia 17. Mmekwenda mwendo mmoja. Yeye alikuwa na mzigo mkubwa zaidi tu. Kilo za watu wawili hazilinganishwi mpaka zigawanywe kwanza kwa uzito wa mwanzo wa kila mmoja, na hata baada ya hapo zipo tofauti ambazo juhudi haizifuti: umri, kisukari cha muda mrefu, kukoma kwa hedhi, na aina yenyewe ya upasuaji, kwani kwa wastani baipasi huteremsha uzito zaidi kidogo kuliko slivu. Mimi nilikuwa na baipasi, lakini nilikuwa pia na insulini, na hilo la pili lilikula sehemu ya faida ya lile la kwanza.

Kuhusu daktari kutokata vya kutosha, ipo njia rahisi ya kujipima kabla ya kumlaumu mtu. Katika slivu huondolewa takriban robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko wa chakula, pamoja na ile sehemu ya juu ambayo hutoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini. Siku moja kula chakula kigumu na kikavu, kwa mfano mayai ya kuchemsha na samaki wa kuchoma, bila mchuzi na bila kunywa chochote, ukitafuna polepole. Ukishiba kwa kiasi kidogo na shibe hiyo ikakaa saa kadhaa, mfuko wako unafanya kazi yake na sababu ya kukwama itafutwe kwingine.

Kukwama kwenyewe kuna aina mbili, na kinachofaa kwa moja hudhuru kwa nyingine, ndiyo maana sipendi ushauri wa jumla wa “jikaze” ambao umekwisha kuupata kwa wingi.

Aina ya kwanza ni mwili kujipanga upya. Mwili huweka akiba ya sukari iitwayo glaikojeni katika ini na misuli, karibu nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu yake hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Katika siku za kwanza baada ya upasuaji akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka, na kwa hiyo kilo za mwanzo huanguka kwa kasi inayotufurahisha kupita kiasi. Chakula kinapoanza kurudi, sehemu ya akiba na maji yake hurejea, na kwa kuwa mafuta yanaendelea kupungua wakati huohuo, mizani haionyeshi lolote. Wengi hukutana na jambo hili karibu na wiki ya tatu. Katika mwezi wa nne huongezeka sababu nyingine: mwili wa kilo 103 unahitaji nishati kidogo kuliko ule wa kilo 124, na zaidi ya hapo hubana matumizi yake unapoona akiba inapungua. Pengo kati ya kinachoingia na kinachotumika huwa dogo, na mteremko huwa mdogo kiasi kwamba hufichwa kabisa na maji ya siku za hedhi, na choo kilichokaa siku tatu kwa sababu ya vidonge vya madini ya chuma, au na chumvi ya makayabo (samaki wa chumvi) ya juzi.

Aina hii huijui kwa mizani, bali kwa utepe wa kupimia. Wakati wangu mrefu zaidi wa kukwama, fundi wangu wa nguo aliendelea kupunguza libaya zangu kiunoni ilhali namba kwenye mizani ilikuwa ileile, na yeye ndiye niliyemwamini. Pima kiuno, nyonga na paja mara moja kwa mwezi. Mizani ipande mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, na iwe mizani ileile. Ya nyumbani na ya duka la dawa zinaweza kutofautiana kwa kilo mbili bila wewe kufanya lolote.

Ikiwa vipimo vinashuka, huna la kurekebisha, na hapo ndipo wazo la kula mara moja kwa siku linapokuwa baya kabisa. Wataalamu wengi wanataka gramu 60 hadi 80 za protini kila siku baada ya upasuaji, na mfuko mdogo hauwezi kupokea kiasi hicho kwa mlo mmoja. Protini ikikosekana, mwili huchukua misuli, na misuli ikipungua, nishati unayotumia ukiwa umekaa nayo hupungua. Utakuwa umenunua kilo mbili za leo kwa kukwama kurefu zaidi kesho. Nywele nazo, ambazo kwa wengi hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita kisha hurudi, hupukutika zaidi.

Aina ya pili ni chakula kinachopita bila kukaa, na hapa nitakawia, kwa sababu meko zetu za Lubumbashi zina vyakula vingi vya namna hiyo. Mfuko mdogo huzuia kigumu. Laini na kimiminika hauvizuii. Munkoyo wenye sukari, soda, chai nzito ya maziwa, uji, maandazi yaliyochovywa ndani ya chai, vyote huteremka, na baada ya nusu saa nafasi ipo tena. Umesema unauza vitenge katika soko la Kenya hapa mjini tangu asubuhi na unakula “vitu vidogo tu” mpaka jioni. Vitu hivyo vidogo ndivyo ningevitazama kwanza. Gramu 100 za karanga za kukaanga zina takriban kalori 570, na mtu anayetafuna punje chache kila mteja anapoondoka hufika huko bila kusikia kwamba amekula.

Bukari, yaani ugali, siikatazi, wala sijaacha kuila. Tatizo lake kwetu sisi ni namna tunavyoila: kitonge laini, kikilowa mchuzi, huteleza, na kwenye sahani ya pamoja hakuna ajuaye amekula vitonge vingapi. Naomba sahani yangu pembeni, naanza na samaki au nyama mpaka viishe, nafuata mboga, na bukari huja mwisho. Mara nyingi kitonge kimoja au viwili vinatosha kwa kuwa nafasi imekwisha jaa. Sombe nayo ni mboga njema, lakini iliyopikwa kwa mawese na karanga za kusaga huwa kitu kingine, maana kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina karibu kalori 120 na wapishi wetu hawapimi kwa kijiko. Nilimwomba binti anayenisaidia jikoni atenge sehemu yangu kabla ya kutia mawese. Alidhani nimekatazwa na dini mpya.

Protini si lazima iwe ile poda ya makopo inayouzwa kwa dola nyingi. Yai moja lina karibu gramu sita. Kapenta (dagaa) wakavu na vinkubala (viwavi wa kuliwa), zaidi ya nusu ya uzito wao mkavu ni protini, vinapatikana sokoni kwa vipimo vidogo, na havihitaji friji, jambo ambalo si dogo kwa mtaa ambao umeme hukatika siku nzima. Vinkubala viloweke na uvipike mpaka vilainike, kisha uvitafune sana, kwa maana ngozi yake inaweza kukwama kooni. Maji yanywe mbali na chakula: acha yapite kama dakika 30 baada ya kula, la sivyo yanasukuma chakula na shibe inaondoka nacho.

Ili ujue kama uko katika aina hii ya pili, andika kwa siku tatu kila kinachoingia kinywani, pamoja na kuonja chungu na mabaki ya sahani za watoto. Usibadilishe chochote katika siku hizo.

Sasa dawa, jambo ambalo watu wengi husahau, ingawa kwangu mimi ndilo lililokuwa na uzito kuliko mengine. Insulini na glibenklamidi, kidonge cha kisukari, huelekea kuongeza uzito au kuuzuia usishuke; vivyo hivyo amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu), dawa za jamii ya kotisoni, na kwa baadhi ya wanawake sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu. Baada ya upasuaji sukari hushuka na dozi za zamani huwa kubwa mno, hivyo mtu hutetemeka, hula kitu kitamu ili ajiokoe, na uzito unabaki pale pale. Daktari wangu wa hapa alipopunguza insulini hatua kwa hatua, mizani ilianza kusogea tena. Lakini usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Sindano ya uzazi wa mpango nayo usiiache tu, kwa sababu mimba haishauriwi katika miezi 12 hadi 18 ya kwanza; omba njia nyingine, kama kitanzi au kipandikizi. Omba pia kipimo cha damu cha TSH, kinachoonyesha kazi ya tezi ya shingo, kwani tezi ya shingo iliyozembea huzuia uzito kushuka.

Na hapa mjini kuna hatari ya upande wa pili. Mtu akipungua, majirani huanza kunong'ona kuhusu ugonjwa, na ndugu mwenye nia njema huleta vidonge vya “kurudisha mwili”, ambavyo mara nyingi ni deksametazoni, ya jamii ya kotisoni, na siproheptadini, inayoongeza hamu ya kula. Hivyo usivimeze hata kwa heshima ya mkwe. Chai za kupunguza tumbo nazo mara nyingi zina mimea ya kuharisha. Zinachotoa ni maji na madini, na kilo hurudi unapokunywa maji.

Mazoezi yanasaidia kulinda misuli kuliko yanavyosaidia kuchoma mafuta, kwa hiyo usijipime kwa jasho. Kutembea kila siku, kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika, kuinua bidoni ya lita tano. Katika miezi ya mvua, yote yanafanyika sebuleni.

Umeandika kwamba mawifi wanauliza pesa za kaka yao zimekwenda wapi. Mimi niliulizwa hivyo mezani, mbele ya wageni. Nilichojifunza ni kutotangaza kilo kwa mtu yeyote. Nilitaja sukari yangu ya asubuhi na shinikizo la damu, ambavyo vilikuwa vimeshuka, na hakuna aliyeweza kubishana na karatasi ya maabara. Mume wako mpeleke kwa daktari mara moja, asikie mwenyewe.

Kukwama kusichanganywe na ugonjwa. Ukitapika kila siku, miguu ikifa ganzi, macho yakiona vitu viwili au ukawa unayumba unapotembea, hilo linaweza kuwa upungufu wa vitamini B1, na ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo. Vitamini na madini yako, ikiwemo B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, yanaendelea maisha yote, iwe mizani inashuka au la.

Kuhusu muda: kwa kawaida uzito wa chini kabisa hufikiwa kati ya mwaka mmoja na miwili, kwa hiyo mwezi wa nne bado ni mapema. Katika utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987, ambao matokeo yake ya muda mrefu yalichapishwa mwaka 2007, waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepoteza wastani wa asilimia 32 ya uzito baada ya mwaka mmoja hadi miwili, na baada ya miaka 10 walikuwa kwenye asilimia 25. Yaani hata waliofanikiwa walirudisha kiasi. Nakuambia mapema, kwa sababu mimi niliposikia hilo kwa kuchelewa nilidhani ni mimi peke yangu.

Kwa wiki mbili zijazo, basi, usipunguze chakula. Pima kiuno leo, andika siku tatu za chakula, na umpelekee daktari majina ya dawa zako zote, hata zile za kununua bila karatasi. Ukipata majibu ya TSH na ya sukari, yaandike hapa pamoja na jina la sindano, kama unachoma yoyote, na wenzetu walio na slivu kama yako watakuambia walibadilishiwa nini.