Kumbukumbu za tarehe moja si utabiri wa tarehe hiyo

Swali: Tunapanga harusi ya bustanini tarehe 28 Agosti mwakani, mahali palipo latitudo ya nyuzi 45 kaskazini. Ukurasa mmoja wa kumbukumbu za hali ya hewa unaonyesha kwamba siku hiyo wastani wa joto la juu ni nyuzi 26, rekodi ni nyuzi 37, mvua ni milimita 2, na mchana hudumu saa 13 na dakika 28. Programu nyingine imekwisha kutoa utabiri wa siku yenyewe: jua, nyuzi 26. Je, tukodi turubai au tusikodi?

Jibu: Tuumalize mwanga kwanza, kwa kuwa hauna utata. Saa za jua kuchomoza na kuzama hukokotolewa kutokana na mwendo wa Dunia, na hesabu ya mwakani ni sahihi kama ya jana. Ila fahamu kwamba hesabu hiyo huhesabu jua kuwa limezama pale ukingo wake wa juu unapotoweka kwenye upeo wa macho ulio tambarare. Bustani yenu ikiwa na kilima upande wa magharibi kinachoinuka nyuzi 5 juu ya upeo huo, jua litawapotea takriban nusu saa kabla ya dakika iliyoandikwa. Katika latitudo yenu mchana wa mwishoni mwa Agosti hupungua kwa karibu dakika 3 kila siku. Mkiahirisha sherehe kwa wiki moja mtapoteza kama dakika 20 za mwanga, na zaidi ya nusu yake zitatoka upande wa jioni, wakati mpiga picha anapozihitaji.

Kinachonikera, na ninakiona karibu kila wiki, ni kwamba nambari hiyo ya uhakika hupangwa safu moja na za joto na mvua, kana kwamba zote zimetoka chungu kimoja. Ile ya mwanga ni hesabu ya kitakachotokea, ilhali hizi nyingine ni masimulizi ya yaliyokwisha kutokea, tena yaliyofupishwa mno.

Chukua hiyo milimita 2. Wastani wa kawaida hutolewa kwa kipindi cha miaka 30, na kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Kwa tarehe moja, basi, una vipimo 30 tu. Ikiwa miaka 29 ilikuwa mikavu kabisa na mmoja ukamwaga milimita 60 kwa radi ya alasiri moja, wastani ni milimita 2. Ikiwa mvua ya milimita 4 ilinyesha mwaka mmoja katika kila miaka miwili, wastani ni uleule. Katika hali ya kwanza turubai ni fedha ya kutupa, na katika ya pili kutolikodi ni kucheza kamari ya nusu kwa nusu, nawe ukiutazama ukurasa wako huwezi kujua uko wapi kati ya hizo mbili. Uliza swali jingine: katika siku 10 kabla ya tarehe yako na siku 10 baada yake, kwa miaka yote 30, ni siku ngapi zilipata angalau milimita 1? Hapo una siku 630 za kuhesabu, na jibu litakuwa na maana.

Rekodi nayo hupewa uzito isiostahili. Nyuzi 37 zinaonyesha kilichotokea mara moja, si ukomo wa kinachoweza kutokea. Isitoshe, kituo kilicho katika mwaka wake wa 10 wa kupima, hata tabianchi isipobadilika hata kidogo, hutarajiwa kuvunja rekodi ya joto la juu kwa tarehe kama 36 za mwaka huo. Kituo kilicho katika mwaka wa 100, kwa tarehe 3 au 4. Rekodi isiyotajwa urefu wa kumbukumbu zake haina faida.

Na hata kumbukumbu ndefu huandikwa na binadamu. Tarehe 13 Septemba 1922, huko El Azizia nchini Libya, paliandikwa nyuzi 58, na kwa miaka 90 hiyo ikahesabiwa kuwa rekodi ya dunia nzima, hadi Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilipoifuta mwaka 2012. Wachunguzi walirudi kwenye karatasi zenyewe za kituo na kuona kwamba kipimajoto kilikuwa cha aina ambayo mpimaji mpya angeweza kusoma ncha isiyo yake ya pini inayoelea ndani, na hivyo kukosea kwa takriban nyuzi 7. Kosa la jicho moja likaingia vitabuni na kukaririwa kwa vizazi.

Siku hizi kuna jambo baya zaidi: kurasa zinazotoa "historia" ya mahali ambapo hapajawahi kuwekwa kipimajoto. Nambari hizo hutoka kwenye mifumo ya kompyuta inayokadiria hali ya hewa kwa miraba ya ramani, na mraba mmoja unaweza kuwa na upana wa kilomita 30. Mifumo hiyo ni kazi ya heshima na mimi huitumia. Anayeficha kwamba ni makadirio, huyo ndiye mdanganyifu.

Sasa tazama tena ulichoniandikia: wastani ni nyuzi 26, na "utabiri" ni nyuzi 26. Programu hiyo haikutabiri chochote, bali imechukua wastani na kuuchorea jua. Utabiri wa siku kwa siku hupungua nguvu baada ya wiki moja hivi, na kufikia wiki mbili umebakiwa na kidogo sana, kwa sababu tofauti ndogo za angahewa leo hukua hadi kuitawala picha nzima. Utabiri wa msimu upo, lakini husema kama majira yanaelekea kuwa na joto kuliko kawaida. Hausemi lolote kuhusu Jumamosi fulani. Kodini turubai kwa mkataba unaoruhusu kulirudisha siku chache kabla, kisha anzeni kufuatilia utabiri wa mamlaka ya hali ya hewa ya nchi yenu ifikapo tarehe 21 Agosti.

Wapo wanaouza utabiri wa miezi kumi kwa wakulima, kwa waandaaji wa mikutano na kwa wakandarasi, nao huujaza desimali ili uonekane wa kisayansi. Ukimpata mmoja, mwombe orodha ya utabiri alioutoa mwaka jana, tarehe kwa tarehe, pamoja na vipimo vilivyofuata. Mimi nimeiomba mara nyingi na sijapewa hata moja.