Usiitupe Habu ya Babu

SWALI: Fundi, salamu kutoka Umoja, Nairobi. Babu ametuachia baiskeli ya Raleigh ya gia tatu. Gurudumu la nyuma linanguruma, na nikikanyaga pedali kwa nguvu, mara nyingine mguu unateleza bure. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, imeandikwa Sturmey-Archer AW, 58 3. Fundi wa mtaani anataka kuitoa anifungie gurudumu jipya la gia moja. Nikubali? — K.M.

JIBU: Usikubali, mwanangu. Hizo namba ni cheti cha kuzaliwa: Machi 1958, Nottingham, Uingereza. Habu ya aina ya AW ilianza kutengenezwa miaka ya 1930 na haikubadilika sana kwa miongo mingi, ndiyo maana koni (kile chuma ambacho gololi huzungukia) iliyotoka kwenye gurudumu bovu la soko la Gikomba inaweza kabisa kuingia kwenye habu yako. Mimi hupitia yale marundo ya vyuma nikitafuta hizo tu.

Kwanza huko kuteleza. Kati ya gia ya pili na ya tatu, AW ina nafasi ambayo hakuna kinachoshika. Kebo ikiwa na urefu usiofaa, habu huangukia hapo, na watu hudhani gia zimekufa. Weka kichagua gia katikati, kwenye N, yaani gia ya pili, halafu chungulia kitundu cha nati ndefu upande wa cheni. Humo mna kifimbo kilichoungana na kijicheni. Pale kifimbo kinapoishia na kijicheni kuanza, pawe sawasawa na ncha ya ekseli. Zungusha kirekebisho cha kebo hadi pafike. Jaribu hilo kabla hujashika spana yoyote.

Pili, oili. Tafuta kitundu chenye kifuniko kwenye mwili wa habu. Kama kifuniko kimepotea, vumbi la Outering Road limekuwa likiingia humo kila siku, basi tafuta kingine au ziba kwa kipande cha mpira. Tia oili nyepesi ya injini, kijiko kimoja cha chai, zungusha gurudumu, uliache usiku kucha. Nakuomba sana, usitie mafuta ya kupikia; yakikaa hugeuka gundi. Wala usisukume grisi humo ndani. Kuna vijino vidogo vinavyoinuliwa na springi nyembamba kama unywele, na grisi huvinasa visiinuke. Hapo mguu utateleza kweli.

Kama bado linanguruma, shida ni gololi na koni. Fungua kijicheni kabla ya kutoa gurudumu, la sivyo utakikata. Fanya kazi upande wa kushoto; koni ya upande wa cheni iache ilivyo. Osha koni kwa mafuta ya taa, ikaushe, kisha pitisha ukucha pale gololi zinapokimbilia. Ukucha ukikwama kwenye vishimo, hiyo koni imekwisha, na hakuna msasa wa kuiponya. Ukipita laini, rudisha. Gololi badilisha zote za upande huo, kwa sababu mpya ikichanganywa na zilizolika, hiyo mpya ndiyo itakayobeba mzigo peke yake.

Kwenye kukaza ndipo wengi huua habu nzima. Kaza koni kwa vidole, irudishe kidogo, ishike kwa spana nyembamba huku ukikaza nati ya kufungia. Rudisha gurudumu kwenye fremu, ushike rimu uitikise. Lazima icheze kidogo sana, kiasi cha kuhisiwa tu. Isipocheza kabisa, umebana mno, na vishimo vitaanza upya.

Habu hiyo ikitunzwa, wajukuu wako wataiendesha. Nimeziona nyingi za umri huo zikipanda mlima wa Ngong bila kulalamika.

SWALI: Habu yangu ya mbele nimeifungua, gololi zikamwagika sakafuni. Sijui zilikuwa ngapi. — Mama T., Kariobangi

JIBU: Pole, Mama T. Habu nyingi za mbele za baiskeli hizi hutumia gololi za inchi 3/16, kumi kila upande. Peleka moja dukani wapime. Paka grisi nene kwenye bakuli la habu, zipange humo, zitashika zenyewe. Zikienea, pabaki mwanya mdogo. Ukilazimisha moja zaidi zitasagana. Na safari nyingine tandika gazeti chini.