Kigari cha watoto wawili kwa mitaa ya Goma

Dada, umeuliza ununue kigari cha viti sambamba au chenye kiti kimoja nyuma ya kingine, kwa kuwa mkubwa ana miaka 2 na mdogo anakaribia kuzaliwa. Kwa hapa Goma, ningeanza na magurudumu kabla ya viti. Mitaa yetu mingi, hasa ile iliyofunikwa na lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo mwaka 2002, ina mawe makali, na vigurudumu vidogo vya plastiki, hata kama kigari chenyewe kinapendeza dukani, hukwama na kumtikisa mtoto bila huruma. Tafuta magurudumu makubwa ya mpira yenye springi, na kama ni ya kujazwa hewa, weka pampu nyumbani, maana mawe hayo hutoboa tairi za pikipiki, sembuse za kigari.

Kichanga anahitaji kulala chali, mgongo umenyooka, hadi takriban miezi 6, kwa hiyo hakikisha angalau kiti kimoja kinalazwa kabisa. Kigari cha viti sambamba ni rahisi kukigeuza, lakini ni kipana; pima mlango wako kwanza. Cha mtumba, kagua breki na mikanda.

Binafsi, ningenunua cha kiti kimoja kilicho imara kwa ajili ya mkubwa, ambaye hachelewi kutaka kutembea mwenyewe, na mdogo ningembeba kifuani kwa kitenge, kisha mgongoni shingo yake ikishakaza.