Toa hayo maboksi chini ya kitanda kabla hujasafiri

Mdogo wangu, acha kwanza habari ya rafu na misumari ya ukutani. Swali lako nimelisoma mara mbili. Umepata hosteli Mtwara, chumba cha watu wanne, dabodeka mbili, unataka kujua upange vipi nguo, viatu, vyombo na vitabu ili mtu apate hata pa kukanyaga. Sawa. Ila katikati umepitisha maneno kama vile ni kitu cha kawaida: vitabu na vyeti umeviweka kwenye maboksi, umeyasukuma chini ya kitanda mpaka yakagusa ukuta, na likizo utayaacha hapo hapo. Hayo maneno ndiyo yamenitoa kitandani saa hizi. Yatoe, mchwa watayala. Mengine yote yatasubiri.

Nilisoma ualimu hapo hapo Mtwara. Nilikaa hosteli ya binafsi, nyumba nzuri tu, sakafu ya sementi, ukuta umepakwa rangi. Mwaka wa pili ulipoisha, mwezi wa saba, nikapangiwa mazoezi ya kufundisha Newala, na baada ya hapo nilikuwa naunganisha nyumbani. Begi lilikuwa moja. Dada mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa anahama, akaniachia maboksi yake matatu ya biskuti. Akaniambia, "Mdogo wangu, chini ya kitanda ndiyo stoo ya bure, usihangaike kununua kitu." Nikamshukuru mpaka nikamsindikiza stendi.

Boksi la kwanza nikaweka vitabu, la pili noti za masomo za miaka miwili, zote za kutoa kopi, na ukizoea kutoa kopi unajua shilingi hamsini hamsini zinavyojumlika. La tatu nikaweka vitenge viwili vya mama, na chini yake bahasha ya kaki yenye vyeti vyangu halisi, cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita. Niliogopa kutembea navyo kwenye basi. Nikapiga solitepu pande zote, nikasukuma mpaka ukutani ili mwenzangu wa kitanda cha chini apate nafasi ya viatu.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza mlezi wa hosteli kama vitu vitakuwa salama. Nilikuwa nawaza panya na wezi. Akanijibu huku anachezea funguo, "Hapa tumeshapiga dawa, nenda kwa amani." Huyo mtu sijamsamehe mpaka leo na sioni haya kusema. Nyuma ya mlango wa chumba chetu kulikuwa na mstari wa udongo, mwembamba kama penseli, umetoka kwenye kona ya sakafu unapanda ukutani. Yeye ndiye aliyekuwa akiufagia. Alijua ni nini. Sisi wa kutoka mbali tulidhani ni uchafu wa mvua.

Nilirudi mwezi wa kumi. Maboksi nikayakuta kama nilivyoyaacha, solitepu haijaguswa, maandishi yangu ya maka yanasomeka. Nikashika boksi la noti kulivuta, likaja jepesi. Nilivuta boksi lisilo na chini. Chini yake ilibaki sakafuni, imeshikana na sementi kwa udongo mwekundu wenye unyevunyevu, na ndani ya udongo huo vitu vyeupe vinakimbizana kuukimbia mwanga. Noti ziligeuka kipande kimoja. Kurasa za juu nzima kabisa, unainua ya tatu unakuta tundu, ya kumi unakuta udongo uliopangika kwa matabaka kama karatasi zilivyokuwa zimepangwa. Kitenge cha chini kilichanika mkononi nilipokikunjua. Bahasha ya kaki ilikuwa imekwisha. Cheti cha kidato cha sita kilibaki nusu ya juu, jina langu lipo, kule chini kwenye saini hakuna kitu.

Mchwa hali kwa nje. Anaingia kwa chini, au kwa upande unaogusa ukuta, anakula katikati, ganda anakuachia ulitazame. Anapenda giza, unyevu na utulivu, na chini ya kitanda, kwenye chumba kilichofungwa miezi mitatu, kuna vyote vitatu. Boksi ni karatasi, na karatasi ni mti. Ufa wa sementi ambao hauingizi hata kucha, kwake ni barabara.

Kilichofuata kilinitafuna kuliko noti. Noti niliazima kwa wenzangu nikatoa kopi upya. Vitenge nilimwambia mama akanyamaza kwenye simu, na ule unyamavu ninao mpaka leo. Cheti ndicho kilichoniangusha. Mwaka uliofuata niliitwa usaili kwenye shule moja binafsi, wakataka cheti halisi mezani, mimi nina nusu. Kazi akapewa mwingine. Kufuatilia kingine kulikula miezi na nauli ambazo sikuwa nazo.

Kanuni yangu sikuipata darasani. Jirani na hosteli alikuwa anakaa mzee mmoja aliyefanya kazi ya kupanga magunia kwenye maghala ya korosho. Unajua Mtwara tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, korosho za wakulima zinapita ghalani kabla ya mnada, na ukifika mwezi wa kumi mji mzima unaongea hiyo habari tu. Mzee alinikuta uani nimetandaza mabaki ya vitabu juani, nalia. Akayaangalia, akaniuliza, "Mwanangu, uliyaweka juu ya chaga?" Nikamwambia chaga ni za kitanda. Akanieleza kwamba ghalani gunia halilali chini hata siku moja. Linalala juu ya chaga za mbao, na kati ya rundo na ukuta inaachwa njia mtu apite akague. Sakafu inatoa unyevu, ukuta unatoa unyevu, na korosho ikishika unyevu inashuka daraja.

Mimi nimeifanya ndogo ya chumbani: kiganja kimoja kutoka sakafuni, kiganja kimoja kutoka ukutani. Chochote chenye karatasi, kitambaa au mbao. Pima kwa mkono wako sasa hivi.

Na elewa hicho kiganja kinafanya kazi gani, usije ukadhani ni uchawi. Mchwa anaweza kupanda tofali, anaweza kupanda mguu wa kitanda. Lakini hapiti wazi, lazima ajenge kijia cha udongo ajifiche ndani. Boksi likigusa ukuta, anajenga nyuma yake na huoni kitu. Likiwa limeinuka na limejitenga, kile kijia kinaonekana, unakikwangua na kumwita mtu wa kupiga dawa kabla mchwa hajafika. Ndiyo maana sikuachi uweke kitu miezi mitatu bila jicho la mtu, hata ukiinua.

Tofali nne na ubao mmoja zinatosha. Fundi yeyote anayejenga mtaani atakupa vipande vya tofali ukimwomba vizuri. Maboksi ya karatasi tupa, tafuta ndoo za rangi za lita ishirini zenye mfuniko, zioshe zikauke kabisa. Vitabu ndani, ndoo juu ya ubao. Vyeti halisi visikae chumbani likizo, nenda navyo, begi la mapajani, hata kama safari ni ya siku mbili mpaka Singida. Niliogopa basi, na kilichonimaliza kilikuwa chumbani.

Zile video za kupanga vyumba ulizosema unazifuata, wanazopanga masanduku chini ya kitanda yakapendeza, angalia wanakaa wapi. Hawajaishi Mtwara mwezi wa kwanza, mvua inanyesha, joto halipungui, na nguo uliyofua Jumatatu bado ina ubaridi Alhamisi. Ukiifungia kwenye ndoo hivyo hivyo inaota ukungu, kwa hiyo mfuniko ni wa kitu kikavu tu. Tranka la bati pia nimeona ulitaja. Mchwa haliwezi, ila likikaa kwenye sementi linashika kutu chini na kutu inahamia kwenye nguo. Nalo lipandishe.

Viatu weka unavyotaka. Vyombo sijui, ulizeni wenzenu mnaopika.

Umesema unasafiri Ijumaa. Leo kabla hujalala waombe wenzako mvute vitanda vyote viwili, washeni tochi ya simu, mulika kona zote nne za sakafu, nyuma ya mlango, na kila mguu wa kitanda kuanzia chini. Ukiona mstari wa udongo hata mfupi kama kidole, ukwangue kidogo. Ukiwa mbichi ndani, au kesho asubuhi ukikuta umeshazibwa, wapo. Usikubali mtu akwambie wameshapiga dawa. Piga picha, iweke hapa, mimi niko macho.