Kujitolea na watoto Nepal: kabla hujalipa

Dada, nimekuelewa: wiki 3 kwenye kituo cha yatima mjini Pokhara, wanataka dola zako mapema, na hakuna aliyekuomba cheti cha tabia njema. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi. Kituo kisichokuchunguza wewe hakimchunguzi yeyote.

Watoto wengi wa vituo vya Nepal wana mzazi aliye hai. Wengine hutolewa vijijini kwa ahadi ya shule, kwa kuwa wageni hulipa. Mtoto anayekurukia shingoni siku ya kwanza (utafurahi, najua) mara nyingi ameshaachwa na wageni wengi.

Tafuta badala yake shule inayotaka msaidizi wa walimu, angalau miezi 3. Omba mchanganuo wa ada na sera ya ulinzi wa mtoto, vyote kwa maandishi. Raha yake huja polepole: mwalimu anaendelea na mbinu yako wewe ukiwa umeshaondoka.

Viza ya utalii hairuhusu kazi, hata ya bure, waulize ubalozi. Ukitoka nchi yenye homa ya manjano, chanjo yake uchomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Ukiona mtoto anapigwa, usimkabili msimamizi peke yako wala usirushe picha mtandaoni. Piga 1098, simu ya watoto ya Nepal.