Wadogo zangu wa animesheni, jueni kwanza njia aliyopita mhusika wenu

Wiki hii nimekaa na vijana wapya wanaotengeneza animesheni fupi ya Mzanzibari aliyekimbia 1964 akamwacha mchumba wake Unguja, na naona yaleyale tuliyoyafanya sisi. Storibodi, ile michoro ya kupanga sini moja baada ya nyingine, haijaisha, watu washaanza kupaka rangi machozi! Jamani. Nawapenda ndo maana nawapigia kelele.

1. Fungeni animatiki kwanza, yaani storibodi iliyopangwa kwenye video kwa muda wake halisi. Fremu ni 24 kwa sekunde, hata mkichora kwa mbili, mchoro mmoja kwa fremu mbili, ni michoro 12, kwa hiyo dakika 6 tu zinakula michoro 4,320 ya mhusika mmoja, na bado mwenzake hajatokea. Sini ikikatwa mkiwa mmeshachora mtalia nyie badala ya mhusika.

2. Jueni njia aliyopita. Hapa nakaa, maana hapa ndo tuliumia. Filamu yetu ilikuwa hadithi hiyohiyo karibu, mapinduzi Januari 12, kijana anapanda jahazi, sini inayofuata yuko Maskati, lami, magari, taa za barabarani, na yeye dirishani anaandika barua. Bakgraundi zilikuwa nzuri mno, mwenzetu alikesha nazo. Tukamwonyesha bibi mmoja aliyeyapitia, akaangalia kimya mpaka mwisho halafu akauliza, "Wanangu, hii Maskati gani?" Akatukalisha chini. Enzi za Sultan Said bin Taimur Oman ilikuwa imefungwa, wengi waliotoka Unguja hawakupata ruhusa ya kuingia, wakajibanza Mombasa, Dubai, Kuwait, na Maskati kwenyewe milango ya mji ilifungwa usiku, ukitembea lazima ubebe kandili, sasa hizo taa zetu tulizitoa wapi? Wengi wao waliingia baada ya 1970, Sultan Qaboos alipochukua nchi akawa anawahitaji watu waliosoma. Yaani miaka 6 mizima tuliiruka! Na kilichoniuma zaidi ya bakgraundi kutupwa ni kwamba tulihangaika kutafuta kitu cha kuyaua mapenzi yao, tukaishia kuzamisha barua baharini, kumbe sababu ilikuwa humo njiani, mtu anayehama chumba hadi chumba, nchi hadi nchi, hana sanduku la posta, mchumba ataandika kwenda wapi? Na yeye akipata pa kukaa, huku mchumba ameshaozwa. Tulichora upya katikati yote na machozi mengi tukayatoa, hayakuhitajika tena.

3. Rekodini sauti kabla ya kuchora midomo. Nimesema kila mwaka.

4. Kanga. Mmenivalisha mchumba kanga yenye pindo na mji, ile sehemu ya katikati, halafu haina jina, yaani maandishi yake! Mtu wa pwani anasoma jina kabla hajaangalia uso. Sisi tuliweka JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, tukaichora kanga bapa kwanza na herufi zake zote, ndo tukaikunja mwilini, kwa hiyo akisimama unaisoma yote, akikaa kibarazani kitambaa kinajikunja mapajani linabaki SIKATI peke yake. Hatukumpa neno la kusema pale na watu walielewa.

5. Mhusika akitulia asigande, acheni pumzi na kope ziendelee.

6. Wale mnaotaka kuileta hadithi kwa dada wa leo anayekwenda kazi za ndani Uarabuni, nawaunga mkono kabisa, ila msiniletee jahazi na bahasha. Njia yake ni wakala, uwanja wa ndege, kafala, yaani mfumo wa mwajiri kuwa mdhamini wake. Viza imefungwa kwa mwajiri, akiacha kazi bila ridhaa anaweza kuhesabiwa mtoro, pasi mara nyingi inashikwa na bosi ingawa sheria hairuhusu, na kuna nyumba simu anapewa kwa saa maalum tu. Mchumba huku anaona meseji haijajibiwa siku ya tatu, anaanza kuwaza mengine. Ugomvi wao wote uko hapo, kwa hiyo kabla ya storibodi niambieni simu yake inakaa kwa nani na anaipata saa ngapi.