Asilimia Sitini ya Nini?

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Je, mtu anaweza kujipatia riziki kwa kuandika makala kwenye tovuti zinazogawana mapato na waandishi wake?" Mhariri, nimekaa nalo siku kadhaa kwa sababu najua majibu mawili yatakayowajaa mezani. Wa kwanza atasema ni utapeli mtupu. Wa pili atasema yeye huingiza madola akilala, kisha awauzie kozi. Mimi nimezipata pesa hizo, kwa hiyo siwezi kuziita utapeli. Hata hivyo, sijawahi kumshauri mtu aache kazi kwa ajili yake. Kabla hatujauliza kama zinalisha, tuulize kwanza kinachogawanywa ni kitu gani.

Nilianza kuandika nikiwa Malindi, enzi ambazo kompyuta ilikuwa ya saiba na dakika zako zinahesabiwa na kijana aliyekaa mlangoni. Tovuti iliyokuwa ikivuma ni HubPages, ya Marekani, iliyofunguliwa 2006. Ahadi yake ilikuwa tamu: mwandishi asilimia 60, tovuti asilimia 40. Nani angekataa? Mchapishaji wa vitabu anayempa mwandishi asilimia 10 hujiona mkarimu.

Mgawo wenyewe lakini haukuwa kama ulivyosikika. Kila mwandishi alifungua akaunti yake ya matangazo ya Google, AdSense, akaiunganisha na ukurasa wake. Msomaji akifungua makala, mfumo uliamua matangazo ya mara hii yatoke kwa namba ya akaunti ya nani. Mara 60 katika 100 ilitumika namba yako, mara 40 ya tovuti. Yaani mlikuwa mnagawana zamu, si shilingi. Makala yenye wasomaji maelfu, hesabu inajisawazisha. Makala yenye wasomaji 20 kwa siku, ule mbofyo mmoja wa tangazo, unaolipa, waweza kuangukia zamu ya mwenye tovuti, nawe ukaambulia sifuri wiki nzima huku ukiona kwa macho yako kwamba watu wamesoma. Baadaye walianzisha mpango wao wenyewe wa matangazo, ukilipa kwa idadi ya mara ukurasa ulivyotazamwa, na malipo yalitoka ukifikisha dola 50.

Piga hesabu ya mfano. Makala imetazamwa mara 1,000 kwa mwezi, na matangazo yanaingiza dola 3 kwa kila mara 1,000. Fungu lako ni dola 1.80. Kwa makala moja ya namna hiyo, dola 50 utazifikia baada ya zaidi ya miaka miwili. Ukiwa na makala 30 za aina hiyo, utalipwa kila mwezi. Ndiyo maana waliofaidi walikuwa watu wenye makala nyingi, zinazodumu, juu ya mambo ambayo watu wanayauliza mwaka hadi mwaka. Habari za jana haziuziki hapo.

Na mambo yanayoulizwa si yale unayoyapenda wewe. Makala niliyoitolea jasho ilikuwa ya magofu ya Gede, mji wa kale karibu na Malindi: misikiti, kasri, nyumba za mawe zilizozama ndani ya msitu, visima virefu vilivyokauka. Nilikwenda, nikapima kwa hatua, nikarudi kuhakiki. Ilisomwa na watalii wachache wakati wa msimu, basi. Makala iliyonilipa ilikuwa ya kusafisha sufuria iliyoungua.

Sufuria! Niliiandika kwa Kiingereza kwa mchana mmoja. Kwetu dawa ni jivu na ndimu, lakini anayeungua wali huko Ohio hana jivu jikoni, kwa hiyo nikajaribu kwa siki na magadi soda hadi nikapata vipimo. Nikaeleza kwamba sufuria ya alumini isilazwe na magadi usiku kucha kwa sababu itapiga weusi, kwamba ya chuma cha pua inavumilia, na kwamba kisu kisitumike kukwangua hata kama hasira zimepanda. Kila siku duniani kuna mtu aliyesahau chungu motoni na anayeiuliza Google afanyeje, na pembeni ya makala yangu walikaa wauza sabuni na wauza vyombo wa Marekani, ambao wako tayari kulipa vizuri ili mtu huyo awaone. Msomaji wa Kilifi akifungua ukurasa uleule, tangazo analooneshwa lina thamani ndogo zaidi, maana wanaogombea macho yake ni wachache. Kwa hiyo nilikuwa naishi Pwani, nikipika Pwani, na kulipwa kwa sufuria za wazungu.

Sasa tuje kwenye kiini. Mwezi Februari 2011 Google ilibadilisha namna ya kupanga matokeo yake, mabadiliko ambayo wengi wanayajua kwa jina la Panda, kutokana na Navneet Panda, mhandisi wao. Google wenyewe walisema yameathiri karibu asilimia 12 ya maswali yanayoulizwa Marekani. Shabaha ilikuwa tovuti zilizojaa makala nyepesi zilizofyatuliwa ili kunasa matangazo. Na kweli zilikuwepo tele; mtu alikuwa anaandika makala sita juu ya kitu kimoja, akibadilisha kichwa tu. Lakini Panda haikuwa inapima mwandishi mmoja mmoja. Ilipima tovuti nzima. HubPages na wenzake Suite101 na Associated Content, zote ziliporomoka, na aliyekuwa amehakiki kazi yake aliporomoka pamoja na jirani yake mnakili. HubPages walihangaika hadi katikati ya mwaka huo wakampa kila mwandishi anwani ndogo yake ndani ya tovuti, ili Google impime peke yake. Ilisaidia baadhi yetu, kwa muda.

Angalieni: asilimia haikupungua hata moja. Ilikuwa 60 kabla ya Panda na 60 baada yake. Aliyepungua ni msomaji, na msomaji hakuwahi kuwa wangu wala wa tovuti. Alikuwa wa Google. Mnapogawana mapato na tovuti ya namna hii, nyote wawili mnasubiri mlangoni kwa mtu wa tatu ambaye hakutia sahihi mkataba wowote nanyi.

Halafu kuna wenye tovuti. Associated Content ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2010 kwa bei iliyotajwa kuwa kama dola milioni 100, kisha ikaitwa Yahoo Voices. Mwaka 2012 iliibiwa maneno ya siri ya waandishi zaidi ya 400,000, na Julai 2014 ikafungwa, makala zikaondolewa. Mwezi uliofuata, Squidoo, tovuti ya aina hiyohiyo iliyoanzishwa na Seth Godin, mwandishi wa Marekani wa vitabu vya biashara, ikauzwa kwa HubPages. Helium nayo haikuuona 2015. Examiner ikafuata 2016. HubPages yenyewe ilinunuliwa 2018. Kwenye mauzo yale yote sikusikia mwandishi aliyepata fungu la bei. Mgawo wa mapato ni wa matangazo. Mlima wenyewe wa makala, uliojengwa na sisi, ulikuwa wa mtu mwingine.

Wasomaji wa Pwani hili wanalielewa bila mwalimu. Kwetu mtu anaweza kumiliki minazi iliyo kwenye shamba la mwingine. Nazi ni zako, unaangua, unauza, hakuna anayebisha. Siku mwenye ardhi akiuza shamba, ndipo utajua mnazi hauna miguu.

Mimi lilinikuta kwenye tovuti moja ndogo ambayo sitaitaja. Ilitangaza kufunga kwa barua pepe, ikitoa muda mfupi wa kunakili kazi zetu. Salio langu halikuwa limefika kiwango cha kulipwa, na kwa mujibu wa masharti salio lisilofika kiwango halilipwi. Nilisoma masharti yale tena, na yalikuwa yameandikwa waziwazi. Si wizi, basi. Ila fikirieni waandishi wangapi walikuwa na dola 12, dola 30, dola 48, na ongezeni.

Kupokea pesa nako ni hadithi. AdSense ukifikisha dola 10 hukutumia kwa posta barua yenye namba ya siri, ili ihakikishe unaishi unakosema. Kwa posta! Wengi wetu hatuna sanduku. Tunatumia la shule, la msikiti, la mwajiri wa shemeji. Barua ikifika, imefunguliwa na karani au imekaa droo ya mtu aliye likizo. Na ukikaa miezi minne bila kuingiza namba hiyo, matangazo yako yanasimamishwa. Nilikuwa nikipita kwa mhazini wa shule kila Ijumaa, hadi akawa ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Ukivuka hapo, malipo yenyewe hutoka ukifika dola 100.

Tovuti zilizolipa kwa PayPal, huduma ya kutumiana pesa mtandaoni, zilikuwa na shida yake. Hapa Kenya tuliuza salio kwa madalali kwa bei ya kutupwa, kisha zikaja njia za benki, na tangu Aprili 2018 PayPal ikaunganishwa na M-Pesa. Binamu yangu aliye Tanga anaandika vizuri kunishinda, lakini akaunti ya PayPal ya Tanzania ilikuwa ya kulipia tu, si ya kupokea. Kalamu yake ilikwama mpakani. Na ukimwambia mtu kama yeye afungue blogu yake mwenyewe, kumbukeni kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 kule Tanzania: blogu ilitakiwa leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, na ada zake zilipita shilingi milioni mbili. Matangazo ya blogu changa hayalipi hata robo ya hiyo.

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani, siku hizi kuna tovuti ya Medium. Ni kweli, na nafikiri ni mfumo wa heshima zaidi, kwa kuwa pesa inatoka kwa msomaji anayelipa dola 5 kwa mwezi na si kwa muuza sabuni. Ulianza 2017. Mwanzoni ulihesabu makofi: msomaji akibonyeza kialama cha kupiga makofi, sehemu ya ada yake inakujia. Mwishoni mwa 2019 wakaacha makofi, wakaanza kupima muda ambao mwanachama amekaa akisoma. Kipimo kipya pengine ni bora. Lakini mwandishi alilala akilipwa kwa kitu kimoja akaamka analipwa kwa kingine, wala hakuulizwa. Ongezeni fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN: Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo mapato yanayohesabiwa kuwa yametoka huko huweza kukatwa hadi asilimia 30. Na kwetu Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 ikaweka kodi ya zuio, yaani inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 5 kwa mkaazi anayepata pesa kwa maudhui ya kidijitali. Serikali angalau imekubali kwamba hii ni kazi.

Kuhusu Kiswahili nitasema kifupi, kwa uchungu. Kwa miaka mingi lugha yetu haikuwamo katika lugha ambazo AdSense ilizikubali, kwa hiyo aliyetaka kulipwa aliandika Kiingereza, hata awe anaeleza mapishi ya biryani kwa mtu wa Lamu. Nadhani ndiyo sababu ukitafuta maelezo mazuri ya Kiswahili juu ya kutibu ugonjwa wa kuku au kusajili kampuni, unakutana na vipande vya kunakiliwa. Walioweza kuyaandika walikuwa wakiwaelezea Wamarekani sufuria. Kisha zikaja programu za habari kwenye simu, zilizolipa kwa mbofyo, na hapo tukapata vichwa vya "Hutaamini alichofanya" ambavyo ukivifungua hakuna aliyefanya kitu.

Kwa hiyo kwa kijana anayetaka kuanza leo, wakati huu ambao Google yenyewe imeanza kumjibu muulizaji juu kabisa ya ukurasa kwa akili mnemba, kabla hajafika kwenye tovuti yoyote: makala ya sufuria imekufa. Jibu lake lina mistari minne na mashine inaijua. Ya Gede labda ina nafasi, kwa kuwa mashine haijaenda kupima kisima. Andika ulichokiona au ulichokifanya kwa mikono, weka nakala yako nyumbani kabla ya kubonyeza chapisha, soma kifungu cha masharti kinachohusu salio na kufungwa kwa tovuti, hakikisha nchi yako imo kwenye orodha ya wanaolipwa kabla hujaandika neno la kwanza, na kusanya anwani za barua pepe za wasomaji wanaokupenda, maana hizo ukihama unahama nazo. Ukipata ya vocha na umeme kila mwezi, umefanikiwa kuliko wengi wetu. Kodi ya nyumba itafutie kazi nyingine.

Msomaji wenu,
Kilifi